Furu wa Paskazia Mayala

Hellen alifika kituoni Igogo Jumatatu asubuhi, mkoba begani na uso umechangamka kama wa mtu aliyesafiri mbali kumwona mtu mmoja tu. Alikuwa mzaliwa wa Shirati, akisomea mambo ya samaki Ulaya, na alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya kongamano la watafiti wa ziwa lililokuwa lifunguliwe Mwanza Alhamisi ya wiki hiyo. Alikuja mapema kwa makusudi. Kuna mtu alitaka kumpata kabla wakubwa hawajamzunguka.

Nyuma ya jengo la kituo cha utafiti, pale magugu maji yalipoanza kuziba ufukwe, alimkuta mwanamke wa makamo ameinama juu ya meza ya saruji. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni. Alikuwa anapasua tumbo la sangara mkubwa ili aone alichokula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante. Samahani kwa usumbufu. Namtafuta Bwana Mayala. Yule aliyeandika kuhusu furu wa miambani."

Yule mwanamke akaweka kisu chini. "Bwana Mayala yuko Sengerema," alisema. "Saa hizi atakuwa ameshatoka na ng'ombe wake. Ila kuhusu furu sidhani kama ana la kukuambia. Huyo ni baba yangu."

Hellen akamtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa.

"Kwenye jarida imeandikwa P. Mayala," alisema polepole.

"Paskazia. Ndiyo mimi."

Hellen akapiga ukelele uliomtoa Ngosha, dereva wa mashua ya kituo, bandani mbio akiwa na spana mkononi, akidhani mtu ametumbukia majini. Alichokiona ni msichana mgeni amemkumbatia mtafiti wao, damu ya samaki na yote, huku akirukaruka.

"Mimi nilibadilisha masomo kwa sababu yako!" Hellen alikuwa anasema. "Nilikuwa nasomea mambo ya misitu. Siku moja mvua inanyesha, sina pa kwenda, nikaingia maktaba, nikakuta makala yako. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Kumbe furu wetu wapo! Nikalia mle ndani kama mtoto. Na siku zote nilijua wewe ni mwanamume. Nilikuwekea hadi ndevu!"

Paskazia alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kwa miaka sita tangu makala ile itoke, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ameisoma. Aliituma, ikachapishwa, ikawa kama jiwe lililotupwa ziwani. Na sasa mtu amesimama mbele yake anaikumbuka sentensi kwa sentensi.

Furu ni samaki wadogo, wengine wa bluu, wengine wekundu kama pilipili, wengine wa manjano, na zamani walijaa kwenye ghuba ya Mwanza kiasi kwamba watoto waliwavua kwa kitambaa. Sangara alipopandikizwa ziwani akaongezeka, aliwala. Kufikia miaka ya themanini mwishoni, nyavu zilitoka na sangara tu, na wataalamu wakatangaza kwamba furu wa ghuba wamekwisha. Paskazia hakuridhika. Alijiuliza: samaki mkubwa kama sangara anaingiaje kati ya mawe yaliyobanana? Akaanza kwenda kwenye visiwa vya miamba upande wa Sengerema, akachukua migono midogo ya kutega, akaishusha kwenye nyufa, mita tatu tu chini ya maji, mahali ambapo wavu hauwezi kufika. Huko aliwakuta. Wachache, wamejificha, lakini wako hai na wanazaa.

Aliifanya kazi hiyo akiwa na mimba ya Kija, mtoto wake wa kwanza. Mwezi wa mwisho, tumbo lilipokuwa kubwa hata kupanda mashua ikawa shida, kituo kilimpa msaidizi wa kupima samaki, kijana mwenzake aitwaye Elias Chenge. Paskazia aliandika makala, akaweka jina lake kwanza na la Elias la pili, kwa kuwa kijana alipima vizuri.

"Sasa kuna jambo lazima nikuonyeshe," Hellen alisema walipoingia ofisini, na furaha ikampungua usoni. Akatoa mkobani kitabu kinene chenye picha ya ziwa kwenye jalada. Kilikuwa kimetoka mwaka uliopita, na mhariri wake alikuwa Profesa Alexander Maige wa chuo kikuu, mtu ambaye hakuna mkutano wa ziwa uliofanyika bila yeye kuuongoza.

Paskazia alimjua vizuri. Ndiye aliyemfundisha.

Hellen akafungua. Paskazia akasoma kwa sauti: "Ugunduzi muhimu wa Chenge, wa mwaka themanini na nane, ulionyesha kwamba baadhi ya furu walisalia kwenye kina cha mita thelathini..." Akarudia mstari ule kimoyomoyo, kisha akaufuata kwa kidole, kana kwamba herufi zingeweza kujipanga upya.

"Jina si langu," alisema. "Mwaka si wangu. Hata kina cha maji si changu. Mita thelathini? Mimi niliandika tatu!"

"Ndiyo maana nimekuja mapema," Hellen alisema. "Vitabu vyote vinasema hivyohivyo."

Hasira ingekuwa rahisi kwa Paskazia. Lakini kilichomshika zaidi kilikuwa kitu kingine, kile kilichomfanya awe mtafiti: kutaka kujua. Kosa moja linaweza kumtokea yeyote. Makosa matatu yanayofanana, katika vitabu tofauti, lazima yana chanzo kimoja.

Walijifungia kwenye maktaba ya kituo mchana kutwa, madirisha wazi, harufu ya mapanki, yale mabaki ya sangara, yaliyoanikwa juani ikiingia kutoka upande wa viwanda vya minofu. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, kama watu wanaofuata nyayo. Kitabu cha Profesa Maige kilikuwa kimenukuu taarifa ya mtu wa Entebe. Taarifa ya Entebe ilikuwa imenukuu makala ya Mwingereza mmoja. Mwingereza alikuwa amenukuu mazungumzo ya mkutano wa Jinja. Na Jinja, nani alikuwa amesimama mbele kuzungumza?

"Elias," Paskazia alisema. "Kija alikuwa na wiki chache tu. Mkuu wa kituo akasema mama mwenye mtoto mchanga asisumbuliwe na safari, aende Elias akatusomee. Nikampa karatasi zangu zote, nikamshukuru."

"Na huko mtu akasikia thelathini badala ya tatu."

"Au Elias alikosea kusema. Vyovyote. Lakini unaona, mdogo wangu?" Sasa Paskazia alikuwa amesimama, anatembea kati ya rafu. "Hakuna hata mmoja aliyefungua jarida! Kila mmoja amenakili kwa mwenzake. Angefungua angeona tatu. Angeona na jina langu."

"Na hata waliolifungua," Hellen alisema kwa sauti ya chini, "kama mimi, walikuvalisha suruali."

Akamwonyesha ukurasa mwingine wa kitabu kilekile. Mtafiti mmoja mwanamke wa Kisumu, ambaye Hellen alimfahamu, alikuwa ameandika peke yake kuhusu mazalia ya sato. Kitabuni aliitwa "utafiti mmoja wa karibuni." Kwenye ukurasa huohuo wanaume watano walitajwa kwa majina, na mmoja wao alisifiwa kwa jambo ambalo yule mwanamke alilisema mwaka mmoja kabla yake. Walipoendelea walikuta wengine. Mwanamke akiandika na mwanamume, mwanamume alipewa jina na mwanamke akawa "mwenzake." Mwanamke akiandika na wanawake wenzake, ikawa "inasemekana."

Kesho yake walikwenda kumwona Elias. Hakuwa kituoni tena. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa kando ya ziwa na ndege zikaanza kubeba samaki kwenda Ulaya, watu wengi wa serikali walihamia huko, naye alikuwa mmoja wao, mtaalamu wa ubora katika kiwanda kimoja. Aliwapokea kwenye ofisi yenye kiyoyozi, koti jeupe, viatu vya mpira vyeupe, na uchangamfu uleule wa siku zote.

"Mama Kija! Leo umetukumbuka? Karibuni, karibuni. Soda?"

"Elias, nimesikia wewe ndiye utakayetoa hotuba kuu ya furu siku ya Alhamisi."

Uchangamfu ukapungua kidogo. "Wamenialika. Profesa mwenyewe alinipigia simu."

"Kuhusu ugunduzi wa Chenge."

Elias akakohoa. "Mama Kija, mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba kazi ile ni yangu."

"Najua. Uliwahi kumwambia mtu kwamba si yako?"

Elias alizungusha kalamu mezani. "Jinja waliniuliza maswali, nikajibu," alisema mwishowe. "Wakanipongeza. Mkutano uliofuata wakanialika kwa jina. Mtu akishakuzoea... Basi, nitakutaja kwenye shukrani. Nitasema kulikuwa na dada mmoja alitusaidia sana."

Hellen akaruka kitini. Paskazia akamshika mkono, na yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha kweli kabisa.

"Alitusaidia!" alisema. "Elias, niambie jambo moja tu. Umejiandaa kusema kina gani?"

"Thelathini. Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Ulikuwa ndani ya mashua mwezi mzima! Ulishusha migono kwa mkono wako!"

Elias alimkazia macho. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa ameusoma ugunduzi huo mara nyingi kwenye vitabu vya watu mpaka akasahau alichokigusa mwenyewe. Waliagana kwa adabu. Walipofika getini Paskazia aliongeza mwendo, karibu akimbie, kanga ya begani inapepea, akapita chini ya mabango ya wagombea wa vyama yaliyojaa ukutani mwaka ule, na Hellen akawa anamfuata akihema.

"Dada, tunakwenda wapi?"

"Kwa Ngosha. Kutafuta petroli."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Paskazia hakumwambia Hellen hadi walipokuwa ndani ya mashua Jumatano alasiri, migono imepangwa miguuni. Hakuwa amefika kwenye miamba ile kwa miaka minne. Mafuta ya kituo yalipunguzwa, injini ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena, na kila safari iliyopatikana ilipewa watu wa sangara, kwa kuwa sangara ndiye aliyekuwa akiuzwa nje.

"Kwa hiyo hujui kama bado wapo?" Hellen aliuliza.

"Sijui."

"Na kesho utasimama mbele ya watu wote?"

"Nitasimama."

Ngosha, aliyekuwa kwenye usukani, alisema bila kugeuka, "Mimi nasema wapo. Sangara hana akili ya kuingia kwenye nyufa zile. Hata mimi nimeshindwa kuingiza kasia."

Waliishusha migono mitano kwenye nyufa, chambo cha nyungunyungu ndani yake, kila mmoja umefungwa kamba yenye boya dogo. Paskazia alipima kina kwa kamba yenye jiwe. Mita tatu. Jua lilikuwa linang'aa kwenye mawe makubwa yaliyopandana, na moyo wake ulikuwa unamdunda kama wa msichana.

Alhamisi ukumbi wa hoteli ulijaa. Walikuwepo watu wa nchi zote tatu za ziwa, na wageni kutoka Ulaya na Marekani wamekaa mstari wa mbele. Profesa Maige, mrefu, mwenye mvi nzuri na sauti nzito, alifungua kikao. Kabla ya hotuba ya Elias ilipangwa taarifa fupi ya wataalamu wawili waliokuwa wametafuta furu mwaka mzima. Walionyesha ramani kwenye ukuta, wakaonyesha nyavu zao, wakafikia neno la mwisho: hakuna. Hata wale wachache waliotajwa na Chenge hawapo tena. Walishauri kongamano litamke rasmi kwamba furu wa miamba ya ghuba wametoweka, na fedha za utafiti ziende kwenye mambo mengine.

Manung'uniko ya huzuni yalipita ukumbini. Paskazia, aliyekaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, akanyoosha mkono.

"Naam, yule mama pale nyuma," Profesa Maige alisema. "Swali fupi tafadhali."

Paskazia alisimama. "Shikamoo, Profesa. Ningependa kuwauliza wataalamu, mlitafuta kwenye kina gani?"

"Mita thelathini," mmoja alijibu. "Na zaidi. Kama ilivyoandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye Chenge, themanini na nane."

"Mmeisoma?"

Yule mtaalamu alimgeukia mwenzake. Mwenzake alitazama ramani ukutani. Mtu fulani alikohoa.

"Hamwezi kuwa mmeisoma," Paskazia alisema, na sauti yake ikazidi kupanda, si kwa hasira, ila kwa ile hamu aliyokuwa nayo tangu Jumatatu, "kwa sababu haipo. Hakuna makala kama hiyo duniani. Ipo moja, ya themanini na tisa, nimeishika hapa. Mwandishi wa kwanza ni Mayala. Inasema mita tatu. Mmetafuta mwaka mzima chini ya vitanda vyao, na wao wako sebuleni!"

Kicheko kilipasuka upande wa kulia, halafu kelele. Profesa Maige akagonga meza. "Ngoja, ngoja. Bwana Chenge yupo hapa. Atatueleza."

Vichwa vyote vikamgeukia Elias. Alisimama polepole, jasho linamtoka kwenye paji la uso, hotuba yake iliyopigwa chapa mkononi. Kisha akaikunja ile hotuba.

"Muulizeni yeye," alisema. "Mimi nilikuwa napima samaki."

Akaketi. Ukumbi ulilipuka. Wengine walikuwa wamesimama, wengine wanaomba ile makala ipitishwe, Mzungu mmoja anauliza jirani yake kuna nini. Profesa alikuwa anasema habari za ratiba, ratiba, chai saa nne, lakini Paskazia alikuwa ameshatoka nyuma na kufika katikati ya ukumbi.

"Sitaki mniamini kwa maneno," alisema. "Mashua iko hapo chini gatini. Niliweka migono jana, mbele ya mashahidi wawili. Sijui kuna nini ndani yake. Labda hamna kitu, na nitakuwa mimi niliyeaibika. Anayetaka kujua, twende!"

Wa kwanza kusimama alikuwa yule mtafiti wa Kisumu aliyeitwa "utafiti mmoja." Wa pili alikuwa mmoja wa wataalamu wa mita thelathini, na kwa hilo Paskazia alimheshimu baadaye. Kisha ukawa msururu. Ngosha alikataa kupakia zaidi ya watu kumi na wawili, kwa hiyo waliobaki walikodi mtumbwi wa injini wa wavuvi waliokuwa wanashusha dagaa karibu na hapo. Profesa Maige alikuja pia. Alisimama gatini, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa, akatazama mashua, akapanda.

Safari ile ilikuwa kama harusi. Upepo ulikuwa unawapiga, maji yanaruka, watu waliokuwa hawafahamiani wanashikana mabega ili wasianguke, wanapigiana kelele kwa lugha nne. Hellen alikuwa anamweleza yule mtaalamu mnyororo mzima, nani kamnakili nani, na yule mtaalamu alikuwa anasema, "Ee Mungu wangu. Mimi pia. Mimi pia nilinakili."

Walipofika kwenye miamba Ngosha alizima injini. Kimya kikawa kikubwa ghafla. Paskazia alikunja mikono ya blauzi, akashika boya la kwanza, akavuta.

Mgono ulitoka na kaa mmoja.

Akavuta wa pili. Sato wadogo, wawili. Akawarudisha majini. Wa tatu ulikuwa umepinduka, chambo kimeliwa, mtupu. Kwenye mtumbwi wa wavuvi mtu alinong'ona kitu na mwingine akacheka kidogo. Hellen alikuwa ameuma kidole. Paskazia aliweka mgono mtupu kando. Alijiambia kwamba hata kama hawapo, mita tatu ilikuwa mita tatu, na jina lilikuwa jina. Lakini haikuwa kweli kwamba hilo lingemtosha. Alitaka wawepo. Aliwataka kwa ajili yao wenyewe, wale samaki wadogo wakaidi.

Alishika kamba ya nne. Ilikuwa imekwama kwenye ufa. Akashuka kwenye mashua, akalala kifudifudi juu ya mwamba, akazamisha mkono hadi begani, akautikisa mgono taratibu mpaka ukaachia. Alipouinua, maji yalichuruzika kati ya vijiti, na ndani kitu kilimulika.

Kilimulika tena. Bluu. Kisha rangi ya chungwa. Kisha mgono wote ulikuwa unapapatika kwa rangi.

"Wapo!" Paskazia alipiga kelele. "Wapo! Wapo!"

Mashua ilikaribia kupinduka. Ngosha alikuwa anawafokea watu wakae chini, lakini na yeye alikuwa anapiga usukani kwa kofi. Hellen alikuwa tayari majini hadi kiunoni na gauni lake la kongamano, ameshika ndoo. Yule mwanamke wa Kisumu alipiga vigelegele, na wavuvi wa dagaa wakajibu. Profesa Maige alivua viatu, akavua na soksi, akakunja suruali, akapanda juu ya mwamba kwa mikono na miguu mpaka akafika kwenye ndoo. Akaikodolea macho. Dume moja la furu lilikuwa linazunguka ndani, jekundu kifuani, bluu mgongoni, limetanua mapezi kwa ubabe kana kwamba ndoo yote ni yake.

"Sijamwona huyu tangu sabini na tisa," Profesa alisema. Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka. "Nilishawafundisha wanafunzi kwamba amekufa."

Alikaa pale muda, magoti kwenye maji. Kisha akainua kichwa.

"Paskazia, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Profesa. Nilikuandikia kwenye jarida."

Profesa aliifuta miwani yake kwa tai, ikazidi kuwa chafu. "Niliambiwa kulikuwa na dada anayesaidia kupima," alisema. "Na mimi sikuuliza. Chenge nilimwona kwenye kila mkutano."

"Mimi nilikuwa nanyonyesha. Lakini makala ilikuwa hainyonyeshi, Profesa. Ilikuwa hapo kwenye rafu."

Alichukua muda kucheka, lakini alicheka. Akasema kitabu kinachapishwa upya mwakani na kosa litarekebishwa. Paskazia akamwambia si kosa moja. Akamwita Hellen alete kitabu kutoka mashuani, akamwita yule wa Kisumu, na palepale juu ya mwamba, nguo zimewalowa, wakamsomea ukurasa baada ya ukurasa mahali ambapo wanawake waligeuzwa kuwa "mwenzake" na "inasemekana." Wanawake wengine waliokuwemo kwenye mtumbwi wakaanza kuongeza ya kwao kwa kupaza sauti juu ya maji. Mmoja alisema mumewe hunukuliwa kwa kazi yake yeye, na mumewe ni mhasibu.

Alasiri ile kikao kilianza kikiwa kimechelewa na nusu ya watu wakiwa pekupeku. Hoja ya furu kutoweka haikujadiliwa tena. Badala yake Hellen alisimama kuomba mambo mawili: kitabu cha kongamano kiandike majina kamili ya waandishi, siyo herufi, na mtu asinukuu asichokisoma. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alipinga. Sayansi, alisema, haina jike wala dume.

"Ni kweli, mzee wangu," Hellen alimjibu. "Ndiyo maana tunashangaa kukuta madume matupu kitabuni."

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu, na mzee mwenyewe akacheka. La majina lilipita kwa mikono iliyoinuliwa. La kusoma kwanza lilijadiliwa mpaka jioni na halikupita, maana kila mtu alijua jinsi lilivyo gumu kwake mwenyewe, lakini kuna watu waliotoka pale wakiwa kimya kuliko walivyoingia.

Elias alimsubiri Paskazia mlangoni. Alisema amefuta jina lake kwenye ratiba.

"Lirudishe," Paskazia alimwambia. "Hakuna aliyepima kama wewe. Kesho zungumza habari za vipimo, na ujue kutaja nani alikuwa wapi."

Siku ya pili alizungumza. Hakuzungumza kwa ufasaha, na alikwama mara kadhaa, ila alimtaja kwa jina lote, la kwanza na la ukoo, na hakuweka neno "dada" wala neno "alitusaidia."

Isidhaniwe kwamba dunia iligeuka. Makala moja ilitoka mwaka uliofuata nchi ya mbali, na humo alikuwemo Chenge wa themanini na nane, kwenye mita zake thelathini. Hellen aliisoma kwa simu kutoka Ulaya huku akicheka kwa uchungu. Paskazia alimwambia amwandikie mwandishi, kisha arudi haraka, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepatikana na wavuvi wa Ukerewe walikuwa wameleta habari ya furu mwenye mstari mweusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Hellen alirudi Januari. Walivuka kukiwa shwari, ziwa limelala kama kioo, Kija akiwa katikati yao na kofia kubwa ya baba yake, kwa kuwa shule zilikuwa bado zimefungwa. Kwenye mwamba wa kwanza hawakupata kitu. Kwenye wa pili, Paskazia alilala tena kifudifudi, mkono ndani ya ufa, shavu juu ya jiwe la moto, na mgono ukaanza kutikisika kabla hata hajauinua.

"Lete ndoo!" alisema. "Lete ndoo, lete ndoo!"